Sakafu Isiyokauka

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani kwa mama, Igoma, kumsimamia fundi wa vigae, na sikutulia hata kidogo. Nakaa, nainuka, natoka nje, narudi. Fundi alidhani namchunga asiibe saruji. Kumbe, rafiki yangu, nilikuwa naiaga ile sakafu.

Ilikuwa ya matofali ya kuchoma. Baba aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe, akayapanga sebuleni kwa kunyoosha kamba hadi majirani wakaja kushangaa. Hiyo ni kabla ya kupunguzwa kazi kiwandani. Baada ya hapo alikaa tu nyumbani, mpaka mwenzake mmoja alipokuja na habari za dhahabu ya Geita. Baba akafunga begi. Mama akamwambia, "Wanaokwenda huko machimboni hawarudi." Baba akacheka tu.

Kesho yake, baba akiwa ameenda Mkuyuni kuaga ndugu, mama akafungua kopo la rangi nyekundu ya mafuta. Alianzia ukuta wa mbali, magoti chini, akaja kinyumenyume hadi mlangoni. Begi la baba lilikuwa chumbani, na chumbani huingii bila kupita sebuleni.

Baba aliporudi alisimama mlangoni akaguna. Ilivyong'aa! Hakuthubutu kuikanyaga, maana matofali yale yalikuwa jasho lake. "Basi nitaondoka ikikauka," akasema.

Ikauke wapi! Mvua zilikuwa zinanyesha, matofali yanavuta unyevu, na kila baba akitoka kwenda kwenye kahawa, mama ananituma nilete brashi, anapiga mkono mwingine wa rangi juu yake. Tulilala wote kwenye jiko la nje, tumebanana na kuku. Tukala michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga, tukanusa rangi hadi vichwa vikauma, na mimi nilikuwa na furaha, jamani, baba yupo! Ila furaha yenyewe haikunipa usingizi. Kila mara nilikimbia kugusa sakafu kwa kidole, namwomba Mungu inate.

"Mama watoto, hii rangi mbona haikauki?"

"Bado inanata, baba watoto. Usije ukaniharibia."

Jirani yetu alimuuliza mama, huku anacheka, atapaka hadi lini. "Mpaka safari imtoke kichwani," mama akajibu. Yeye hakucheka.

Kisha kopo likaisha. Asubuhi moja lori likapiga honi barabarani, yule mwenzake yuko juu anapunga mkono. Baba akaitazama sakafu, akamtazama mama. Akavua viatu. Akapita katikati taratibu, akarudi na begi kichwani, na kila alipokanyaga rangi ilibanduka, tofali likabaki wazi. "Nitaipaka upya nikirudi," akasema. Akaenda kuvuka ziwa kwa kivuko cha Busisi na rangi yetu miguuni.

Hakurudi. Baadaye tulisikia ana mke na watoto huko huko.

Mama hakuipaka tena ile sakafu, wala hakuruhusu mtu kukanyaga zile nyayo. Tulikua tukipita pembeni, wageni wakidhani tuna mwiko. Miaka ikachubua rangi kwingine kote, ikabaki pale tu, kuzizunguka nyayo za baba.

Siku hizi jiko la nje halipo, kuku hawapo, jirani naye alishazikwa. Vigae ni vyeupe, vinateleza, na mama mwenyewe ndiye aliyevitaka. "Nimechoka na vumbi la matofali," aliniambia. Fundi alipomaliza, mama akatoka chumbani na mkongojo wake, akavisifia, akamshukuru. Alipofika katikati ya sebule, akapita pembeni.