Mkalimani na Neno la Kumuua Umbu

Jumatatu tulimzika mama mmoja mjini Same, mkalimani mstaafu wa mahakama. Kisukari kilimsumbua muda mrefu, mwisho kikammaliza. Kwa miaka mingi alitafsiri Chasu, lugha ya Wapare, kwa Kiswahili, nami nikiwa mwandishi wa habari nilikaa benchi la nyuma nikiandika aliyoyasema. Mnivumilie, wasomaji wangu, kwani nimerudi kutoka makaburini na hasira, na leo sina upole wa kuwagawia.

Tulianza kujuana kwa ugomvi. Mwanamume mmoja wa kijiji cha Mamba alimkata dada yake kwa panga ndani ya shamba la tangawizi ambalo baba yao, kabla hajafa, alimgawia binti mbele ya ukoo mzima. Gazetini niliandika: “Ugomvi wa shamba wasababisha kifo.” Siku ya pili mama yule alinikuta nje ya mahakama. Nilimwamkia shikamoo, asiitikie. “Shamba ndilo lililoshika panga?” aliniuliza. Nikajitetea kwamba Kiswahili hakina neno la jambo lile. Wakili kijana aliyekuwa karibu akadakia kwa furaha ya mtu aliyemaliza chuo juzi: Waingereza wanalo, alisema, wanaita sororisaidi, yaani kumuua dada; wamelitoa Kilatini, ila ni adimu, hata wao hawalitumii. Mama akamwacha amalize. “Na sisi tuna umbu,” akasema. “Ndugu wa kike kwa mwanamume, ndivyo walivyomwita watu wa zamani. Sema kaua umbu, nani hataelewa? Na kama umbu limekuwa gumu, sema kamuua dada yake. Maneno mnayo. Mnachokosa ni kinywa cha kuyasemea.” Niliona haya, na mpaka leo naona haya.

Kesi iliposikilizwa, mama mzazi wa muuaji na wa marehemu aliitwa kutoa ushahidi. Hakujua Kiswahili cha kutosha. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa naye nyumbani wakimfundisha la kusema: kwamba watoto waliteleza, kwamba yaliwakuta, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Bibi yule alisimama kizimbani, akashika ubao kwa mikono miwili, akasema kwa Chasu sentensi moja. Mkalimani akaitoa kwa Kiswahili: “Mwanangu wa kiume amemuua mwanangu wa kike, naye binti alikuwa anamwomba amwache.” Wakili wa utetezi akaruka. “Mheshimiwa, mimi pia ni Mpare. Shahidi ana maana kwamba yaliwakuta!” Mkalimani akamgeukia jaji. “Mheshimiwa, nimeapa kutafsiri alichosema shahidi. Walichotaka aseme wazee wa ukoo, waje wakitafsiri wenyewe.” Jaji akaagiza bibi aulizwe upya. Akarudia yale yale, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Mtoto wake alitiwa hatiani.

Mnadhani mkalimani yule alishukuriwa? Naye alikuwa mzaliwa wa milima ile ile ya Wapare. Kikundi cha wakulima wa tangawizi kilimfutia uanachama. Shemeji zake waliacha kumsalimu, wakasema amemfunga mtoto wa watu kwa ulimi. Muuaji alipelekewa chakula gerezani, mkalimani akanyimwa salamu! Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Dada yule zimwi lilimjua tangu utotoni, likamla likammaliza, na sisi tukaketi kulitafutia jina zuri. Tunasema mkasa, tunasema bahati mbaya, tunasema shetani alipita. Kila tukisema hivyo, kaka mwingine mahali fulani analinoa panga akijua atasitiriwa.

Jumatatu, kutoka kijiji kile cha Mamba, alikuja mtu mmoja tu. Bodaboda ilimshusha bibi mzee sana, nikamtambua. Alimwaga udongo kiganja kimoja kaburini. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: “Mimi nilizaa wote wawili. Watu wote walitaka nidanganye. Huyu peke yake alisema nilivyosema.” Basi ninyi mnaoandika habari, mnaohubiri misibani, mnaoketi vikao vya ukoo: mwanamume akimuua dada yake, mtajeni aliyeua na mtajeni aliyeuawa. Mkishindwa hilo, msije kaburini kwa dada huyo kulia.