Shali ya Mkono wa Kushoto

Wenzake kazini walimwita Mama Sufu, na wala hakuwa na mtoto wa jina hilo. Walimwita hivyo kwa sababu nyuzi za sufu zilimganda kila mahali: kwenye nywele, kwenye sweta, wakati mwingine hata ndani ya kikombe chake cha chai. Mkwe wake, ambaye alikuwa mpishi wa pale pale, alizoea kusema kwamba ukimkumbatia mama mkwe unaondoka na nusu kondoo.

Pale palikuwa na nyumba nne ndogo za wageni, za mawe na mbao, zimekaa kwenye mteremko wa mlima, kila moja na kibaraza kinachotazama kilele. Mwenye nyumba hizo alikuwa mwanamke wa mjini aliyejaliwa jicho la kupanga vitu. Hakutaka pazia la kumetameta wala ua la plastiki. Alitaka vikombe vizito vya udongo, ngozi za kondoo sakafuni, kuni zilizokatwa kwa urefu mmoja na kupangwa kando ya meko, na huko nje duara la mawe la kuotea moto, limezungukwa na viti vya chini vya mbao. Mgeni halipii kitanda, aliwaambia wafanyakazi, maana kitanda anacho kwake, analipia kutosumbuliwa. Mama Sufu alikubaliana naye kwa yote isipokuwa kiti kimoja cha mizizi ya mti, ambacho yeye alikihesabu kuwa adhabu na si kiti.

Asubuhi alisimamia usafi wa nyumba zile. Mchana alikaa kwenye kitanda chake cha kufumia, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja pana, akafuma mablanketi na shali. Ufumaji alifundishwa na mama yake, lakini aliushika kwa nguvu baada ya kufiwa. Mume wake alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Siku moja alipanda na wageni watatu, wakashuka wageni watatu. Viatu vyake aliletewa na dereva wa lori la viazi, ndani ya gunia, na dereva mwenyewe hakujua amebeba nini. Mama Sufu alilipokea gunia lile mlangoni mikono yake ikiwa na unga, akafikiri ni mboga zimetumwa kutoka juu. Tangu siku hiyo alikuwa na chuki na vitu vya marehemu vinavyotumwa kupitia watu wa njiani.

Mwanzoni alifuma mablanketi ya zile nyumba tu. Kisha wageni wakaanza kutaka kuondoka nayo. Baadaye wanaume wakawa wanapiga simu kutoka mbali, wanataka shali ya mke, ya binti, ya mama mzaa chema. Wengi walijua rangi tu, na hata hiyo kwa kubahatisha. Mama Sufu aliwauliza maswali mpaka wengine wakachoka. Ni mrefu au mfupi? Anasikia baridi mabegani au miguuni? Akikaa, mikono yake anaiweka wapi? Kuna bwana mmoja aliyemjibu kwamba ameishi na mke wake miaka kumi na tisa na hajawahi kuitazama mikono yake. Mama Sufu akamwambia aende akaitazame kwanza, kisha apige tena. Hakupiga tena.

Fundi saa mmoja hakuhitaji kuulizwa. Alipiga simu mwishoni mwa kiangazi, sauti yake ya chini, akaeleza kila kitu kwa utaratibu kama mtu anayepanga vipuri juu ya kitambaa. Alitaka shali ya rangi ya majivu yenye mstari mmoja wa kijani, nyekundu isionekane hata kidogo. Atakayeivaa ni mrefu, mabega yamelegea kidogo kwa kazi. Mkono wake wa kushoto haunyooki, kwa hiyo upande wa kushoto uwe mfupi kuliko wa kulia, la sivyo shali itateleza na kuburuta. Na kifungo kikae mahali ambapo mkono wa kulia unaweza kukifikia peke yake. Pia alitaka nyumba moja kwa siku tatu, mwanzoni mwa msimu wa baridi. Alisema mtu huyo amefanya kazi maisha yake yote na hajawahi kukaa mahali akatazama tu.

Mama Sufu alimsifu moyoni. Kosa alilofanya ni moja: hakuuliza shali ni ya nani. Fundi saa alikuwa amesema ni ya mtu wa nyumbani kwake, na Mama Sufu akachukulia kwamba ni mke.

Yule bwana alipiga mara mbili nyingine. Mara ya mwisho alisema asiharakishwe mtu, kwani yeye mwenyewe anaingia hospitali kidogo. Moyo wake umeanza kuchelewa kama saa ya ukutani na madaktari wanataka kuufungua wautazame. Alicheka alipokuwa akisema hivyo. Wiki tatu baadaye jirani yake alipiga simu ofisini kueleza kwamba fundi saa hakuamka baada ya upasuaji. Walikuta namba ya pale kwenye daftari lake, ikiwa na tarehe pembeni, na mjane ameomba nafasi hiyo ifutwe.

Shali ilikuwa imekwisha. Mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema ifungwe vizuri, iwekwe barua ya pole, itumwe kwa basi. Mama Sufu akasema kitu cha marehemu hakitumwi kama mche wa sabuni. Aliomba ruhusa ya siku mbili, akaikunja shali katika kitambaa safi, akashuka nayo mwenyewe.

Nyumba ya fundi saa ilikuwa katika mtaa wa watu wa kipato cha kati, nyumba ya chini yenye geti la bati. Viti vya kukodi vya msibani vilikuwa bado vimepangwa uani kimoja juu ya kingine, vikingoja kuchukuliwa. Mjane alikuwa mwalimu. Mama Sufu alimkuta mezani akisahihisha madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, ilikuwa kazi pekee iliyokuwa na mwisho. Walisalimiana, Mama Sufu akampa pole, akajieleza ametoka wapi na amekuja na nini. Akaifungua shali juu ya meza.

Mwalimu alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kabla haujagusa.

"Sufu inaniwasha, mama," alisema. "Tangu nikiwa mtoto. Mume wangu alilijua hilo hata kabla hajalijua jina la baba yangu."

Mama Sufu alijiwa na wazo ambalo lingemjia mtu yeyote: kwamba kuna mwanamke mwingine mahali fulani, mrefu, anayesikia baridi, na kwamba yeye amesafiri kwa basi muda wa saa sita ili kuleta fitina katika nyumba ya msiba. Alitaka kuikunja shali aseme amechanganya mizigo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu na mwepesi.

"Alisema ni ya nani?" mwalimu aliuliza.

Mama Sufu aliumeza uongo wake. "Alisema ni ya mtu wa nyumbani kwake."

"Alisema nini kingine?"

"Kwamba ni mrefu. Kwamba mkono wake wa kushoto haunyooki."

Mwalimu aligeuza uso polepole kuelekea mlango wa jikoni, ambako mtu alikuwa anaosha vyombo tangu mgeni aingie.

Aliyekuwa jikoni ni wifi yake, dada mkubwa wa marehemu. Mwalimu alimweleza Mama Sufu habari zake kwa sauti ya chini. Wazazi walipokufa, dada ndiye aliyemlea mdogo wake. Alifanya kazi kwa dobi mkubwa, akipiga pasi mashuka ya hospitali na ya hoteli, na kwa mshahara huo akamsomesha, kisha akamtafutia fundi wa kumfundisha saa. Mashine ya mvuke ilimbana mkono akiwa na miaka ishirini na sita. Hakuolewa. Dobi alipofunga kazi, mdogo mtu akamchukua aje akae naye, na huu ulikuwa mwaka wa saba.

Miaka hiyo saba haikuwa rahisi. Hakukuwa na ugomvi ambao mtu angeweza kuusimulia. Kulikuwa na sufuria zilizohamishwa kabati, chumvi iliyoongezwa kwenye chungu cha mwingine, na mawifi wawili waliosalimiana asubuhi kama majirani wa ghorofa. Kila mmoja aliamini ndiye anayemjua zaidi yule mwanamume aliyekaa katikati yao na kuinamia saa zake kana kwamba hasikii. Sasa ametoka katikati, na wao wamebaki wanatazamana.

"Alimfikiria yeye," mwalimu alisema. Macho yake yalikuwa makavu. "Anaingia hospitali, hajui kama atatoka, na anayemfikiria ni yeye."

Mama Sufu angeweza kusema kwamba mtu huwa na zaidi ya mmoja wa kumfikiria, lakini maneno kama hayo humfaa zaidi anayeyasema kuliko anayeyasikia. Alisema tu kwamba hajui, yeye amefuma alichoambiwa, na kama mwalimu akiona vema yeye yuko tayari kuipeleka shali jikoni mwenyewe na kuondoka.

Mwalimu alifunika daftari lililokuwa mbele yake. "Hapana. Wewe usimpe. Nitampa mimi."

Alitumia kile kitambaa kuibeba, ili sufu isimguse. Akasimama mlangoni mwa jikoni akaita, "Wifi." Dada akageuka, mkono wa kulia unadondosha maji. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, na mkono wa kushoto alikuwa ameuficha chini ya mtandio, kama alivyozoea. Mwalimu akamwambia kwamba kuna kitu chake kimeletwa. Kisha, badala ya kumkabidhi, alikizungusha mabegani mwa wifi yake. Shali ilishuka kulia mpaka kiunoni, na kushoto ikaishia pale pale ulipokunjika mkono, bila kuteleza.

Dada alikitafuta kifungo kwa mkono wa kulia, akakifunga mara moja. Akabaki amekishika.

"Nani alipima hivi?" aliuliza.

"Mdogo wako."

"Nilimwambia ulipona," alisema dada. "Miaka yote hiyo nilimwambia mkono ulipona." Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, na hapo ndipo alipolia. Mama Sufu alikuja kufahamu baadaye kwamba hakuwa amelia siku ya maziko, na kwamba watu walilisema hilo vibaya. Mwalimu alisimama kando yake, kisha akafunga bomba, ambalo lilikuwa bado linamwaga maji.

Kabla mgeni hajaondoka, mwalimu alimfuata getini akauliza kama ile nyumba ya siku tatu imeshachukuliwa. Mama Sufu hakujua. Akasema haijachukuliwa.

Mawifi walipanda wote wawili, wiki ya pili ya baridi. Siku ya kwanza dada aliamka mapema akaanza kufagia kibaraza, mkwe wa Mama Sufu akamnyang'anya ufagio kwa heshima, akamwomba asimfukuzishe kazi. Basi akakaa. Alikaa vibaya, ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa. Ilimchukua mpaka mchana kuegemea. Mwalimu alisoma ndani karibu na meko. Hawakuzungumza sana, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kilele walichopandia kukitazama hakikuonekana hata mara moja. Mwenye nyumba alisikitika, akawaomba radhi kana kwamba ukungu ni wake. Dada akamwambia hakuna neno, yeye hata hivyo hajui kilivyo, kwa hiyo hajakosa kitu.

Siku ya tatu Mama Sufu aliwasha moto wa nje mapema, akawapelekea chai kwenye vile viti vya chini. Kwa siku mbili alikuwa amemchunguza mwalimu. Aliona jinsi anavyojikumbatia viwiko akisoma, na jinsi anavyovuta mikono ya blauzi mpaka ifunike vidole. Alimpa shali aliyoitoa kwenye kitanda cha kufumia asubuhi hiyo, nyembamba kuliko zile nyingine, yenye mifuko miwili ya mikono.

"Ni ya pamba," alimwambia. "Haitakuwasha. Na hii hakuiagiza mumeo, mwanangu, nisije nikakudanganya. Hii ni zawadi yangu mimi."

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Alitia mikono ndani ya mifuko, akatazama moto. Akasema, bila kugeuka, kwamba mume wake aliwahi kumpa saa za mkono sita katika ndoa yao, zote alizitengeneza mwenyewe kwa vipuri vya saa zilizokufa, na zote zilichelewa. Dada alicheka. Alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini, akasema kwamba yeye anazo nne. Wakaanza kuzitaja moja moja: ipi ilikuwa na mkanda gani, ipi ilisimama baada ya muda gani. Mama Sufu aliwaacha hapo, akaenda kuanika mashuka.

Mwaka uliofuata dada alipanda peke yake, kwa sababu mwalimu alikuwa amehamishiwa shule ya mbali. Walikuwa wameiuza ile nyumba ya geti la bati, na dada sasa anaishi katika chumba alichotafutiwa na wifi yake, karibu na soko. Kila alasiri katika zile siku tatu simu ya ofisi ililia, na Mama Sufu ndiye aliyekwenda kuipokea. Aliyepiga alikuwa mwalimu, anauliza kama wifi yake amekula, kama amevaa soksi.

Mama Sufu alichungulia kibarazani.

"Amevaa," akasema. "Jozi mbili."