Nyaya Nne za Mota

Mjomba alichonga vibao vya majina ya loji za watalii pale Karatu kwa miaka mingi, hadi kiharusi kilipomdhoofisha mkono wa kulia. Patasi haikushikika tena. Mimi nilikuwa nimesomea umeme chuo cha ufundi, nikamwahidi mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta. Niliahidi kabla sijajua kama nitaweza.

Mota tatu zilizokwishatumika niliziagiza Arusha. Hazikuwa kama za feni. Hizi husogea hatua kwa hatua, hatua mia mbili kwa mzunguko mmoja. Kila moja ilikuwa na nyaya nne, mbili kwa kila koili, yaani msokoto wa waya ulio ndani yake. Niliunganisha ya kwanza kwa kufuata rangi za mchoro wa kwenye simu. Nilipowasha ikanguruma, ikatetemeka palepale, haikuzunguka.

"Inajaribu," mjomba akasema. "Usiigombeze."

Nilikuwa nimechanganya jozi za nyaya, kwa sababu kila kiwanda kina rangi zake. Mita yangu ya kupimia nyaya ilikuwa imeisha betri. Nikazima umeme, nikazichomoa nyaya zote, nikamkabidhi mjomba mota ile.

"Zungusha mhimili, mjomba. Uniambie ukiwa mgumu kuzunguka."

Akaibana mapajani, akazungusha kwa mkono wa kushoto. Nikagusanisha nyaya mbili.

"Laini."

Nikajaribu nyingine.

"Laini vilevile."

Nilipogusanisha waya mwekundu na wa njano akafumba macho. "Hapa pamekaza. Rudia."

Nikarudia mara tatu, kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya mota. Hizo mbili zilikuwa za koili moja, maana nyaya za koili moja zikigusana mhimili hukaza. Zilizobaki, za koili ya pili. Nikaunganisha upya, ikazunguka taratibu bila kelele.

Muda si mrefu ikawa moto, haishikiki. Kibandiko chake kilisema ampia moja na nusu. Draiva, kile kifaa kinacholisha koili umeme, nilikuwa nimekiacha kwenye mbili na nusu. Nikashusha swichi zake ndogo, joto likapungua.

Wiki chache baadaye mashine ilichonga neno KARIBU kwenye ubao wa mti wa loliondo. Mjomba alipitisha kidole gumba kwenye kila herufi. Akarudia tena, mpaka nikaogopa kwamba nimemuumiza.

"R yako imenenepa, mwanangu," akasema mwishowe. "Nipe penseli."

Tangu siku ile herufi anachora yeye, kwa mkono wa kushoto, polepole. Mimi naziingiza kwenye kompyuta jinsi zilivyo.