Orodha Yangu ya Bundi

Mwaka ule tuliagizwa kwamba kila shule iwe na klabu ya utalii wa ndani. Agizo lilikuja kwa njia yanayojia maagizo yote siku hizi, kwenye simu ya mkuu wa shule, kwa herufi kubwa tupu, likitaka mpango kazi kabla ya Ijumaa. Mikoa mingine ina simba, mingine ina mlima wa kupanda, sisi wa Njombe tuna baridi. Mwalimu wa Jiografia alipendekeza wageni waje kutazama ukungu, akaulizwa watautazamaje wakati kazi ya ukungu ni kuzuia watu wasione. Mimi, mwalimu wa Biolojia, nikanyoosha mkono nikasema: bundi.

Mwalimu wa nidhamu aliacha kutafuna kiazi. Mkuu wa shule aliniuliza kama najisikia vizuri, lakini kwa kuwa hakukuwa na mwingine mwenye wazo na Ijumaa ilikuwa kesho yake, aliandika neno hilo kwenye mpango kazi, akalipigia mstari.

Nisijifanye nilizaliwa na akili hiyo. Nimekulia Mlangali, na kwetu bundi akilia mama alitupa chumvi motoni na sisi watoto tukajifunika blanketi hadi utosini. Chuoni nilifundishwa kwamba yule ni mla panya tu, nikaandika kwenye mtihani, nikafaulu, na bado nilikuwa nikisikia sauti yake naomba Mungu. Kilichonibadilisha ni jioni moja, saa kumi na moja, jua bado lipo. Ninaishi mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, na shule yangu iko Makambako, hivyo nusu ya maisha yangu ni ile barabara. Nikiwa dirishani mwa basi nilimwona bundi akiruka chini chini juu ya majani ya bonde, pembeni ya vinyungu, zile bustani za bondeni, mchana kweupe. Alitugeuzia uso wote, akatukagua kama msimamizi wa mtihani, akaendelea na kazi zake. Nilimpenda palepale. Tangu siku hiyo nilitaka kumwona tena, na klabu ikanipa sababu ya kumtafuta bila kuonekana mwendawazimu.

Hiyo ya kutoonekana mwendawazimu haikufaulu. Pale Ramadhani nilianza na mwenye duka ninakonunua sukari. Nilimuuliza kama amewahi kuona bundi maeneo yale. Alinipimia sukari, akaiweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili ndipo akasema karibu tena. Jirani yangu, mzee wa kanisa, aliniambia ataniombea. Hakuniuliza naumwa nini.

Basi nikahamishia utafiti Makambako, upande wa Mahongole, katika mtaa mmoja nisioutaja kwa sababu bado napita pale. Huko mambo yalikuwa tofauti kabisa. Watu wa mtaa ule ukiwauliza ilipo zahanati watakuambia nenda mbele, utauliza. Ukiwauliza wapi kuna bundi, wanakuelekeza mpaka mlangoni.

"Kamwene, mwalimu. Bundi? Wapo. Unaona ule mlingoti mrefu? Kwa yule bibi mjane."

Nikaandika. Nyumba ya pili wakanitajia mti uleule, maana mlingoti kwetu ni mkaratusi, na ya tatu hivyohivyo. Nilifurahi mno, kwa sababu darasani nawafundisha watoto kwamba ushahidi ukitoka kwa watu watatu wasiokaa pamoja una nguvu. Wakanitajia na kwingine. Kwa bwana aliyeezeka bati jipya mwaka ambao wenzake wote mahindi yaliungua. Kwa fundi cherehani aliyeachana na mumewe akanenepa. Kwa mama asiyehudhuria jumuiya. Kwa mzee aliyewashinda ndugu zake kwenye kesi ya shamba. Nilipata vituo vinane vya bundi kwa Jumamosi mbili, nikajiona mtafiti.

Naomba msomaji anihurumie kidogo. Nina shahada. Nimefundisha hatua za uchunguzi wa kisayansi kwa miaka mingi, na mpangilio wa wazi kiasi kile, ambao muuza karanga yeyote wa stendi angeuona, sikuuona. Kwetu hakuna anayeuliza bundi anakaa wapi kwa sababu anataka kumwona bundi. Nilikuwa nauliza habari za ndege, na watu, kwa ukarimu mkubwa, walikuwa wananitajia wachawi wao.

Niliwahi kwenda kuhakiki, ndiyo. Nilisimama barabarani jioni na darubini ya shule, nikaielekeza kwenye mlingoti wa bibi kwa karibu saa moja. Sikuona kitu zaidi ya kunguru. Kwenye daftari nikaandika: "Hajaonekana, ila inawezekana sana." Bibi alitoka na ungo wake wa maharage, akanitazama, akarudi ndani. Majirani nao walinitazama, na wao hawakurudi ndani.

Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi, nikafuata utaratibu. Ili kupeleka wanafunzi kwenye makazi ya watu lazima upate kibali cha mtaa, kwa hiyo niliandika barua safi kwa kompyuta. "Yah: Maeneo yenye bundi katika mtaa wako." Chini yake nikaweka jedwali lenye namba, kaya, na kiwango cha uhakika. Namba moja, kaya ya bibi mjane, uhakika: mkubwa.

Mtendaji wa mtaa alisoma kichwa cha habari, akaishia hapo. Alipiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukukolea, akaniomba nakala moja ya jalada. Jalada lilikuwa limejaa. Akaibandika ile nakala kwenye ubao wa matangazo, kati ya chanjo ya kuku na mbuzi aliyepotea.

Kabla ya muhuri ule, habari za bibi zilikuwa minong'ono ya kisimani. Baada yake zilikuwa na kumbukumbu namba. Watu waliipiga picha kwa simu. Aliyeniletea habari ni mwalimu wa Jiografia, yule wa ukungu, ambaye anapanga mtaa uleule. Alinikuta nasahihisha madaftari.

"Hongera," akasema. "Wanasema serikali hatimaye imewatambua kwa majina."

"Imewatambua akina nani?"

Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wangu. "Dada, uliandika orodha ya nini wewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na yaliyobaki akanieleza yeye. Yule bibi alikuwa ameolewa katika nyumba ile tangu msichana, na mumewe amezikwa nyuma ya bustani ya kabichi. Wiki hiyo palikuwa na msiba jirani. Alipeleka sufuria la makande kama desturi, likarudi limejaa, halijaguswa hata kijiko. Watoto waliacha kuchota maji kwenye bomba lake. Na mkutano wa mtaa ulikuwa umeitishwa Jumamosi, ajenda ya usalama: mlingoti ukatwe, na mwenyewe aondoke akakae kwa mwanawe Mbeya, kwa usalama wake. Kila aliyezeeka mikoa hii anajua maneno hayo "kwa usalama wake" yanamaanisha nini, na kinachoweza kumpata mwanamke mzee akikataa. Mimi ndiye niliyemwekea namba moja. Usiku ule sikula.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa kumwomba karatasi itolewe. Hakuwepo. Mvua ilishuka ghafla kwa ile hasira ya mvua za Makambako, inayokuja na upepo ubavuni, na mke wake akanisukumia kwenye ghala la mahindi, akaniambia nisubiri, bwana yuko njiani. Nikakaa juu ya gunia. Miguuni palikuwa na vidonge vya manyoya na mifupa midogo, vimetapakaa. Nilivitambua kabla sijaamini: mabaki ya panya ambayo bundi huyatapika. Nikainua uso.

Alikuwa kwenye boriti, karibu kiasi kwamba ningemgusa kwa fimbo ya ubaoni. Mweupe kifuani, uso wa duara kama kisahani, macho meusi. Alinitazama, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda wa pili, akafumba macho. Kwa mwezi mzima nilikuwa nazunguka mtaa na darubini, na bundi pekee wa mtaa mzima alikuwa analala kwa mwenyekiti. Hakuna aliyenitajia nyumba ile, na nani angethubutu? Nilisahau bibi, nilisahau barua, nilitabasamu peke yangu gizani mle mpaka mwenyekiti alipofika.

Alinisikiliza kwa heshima zote. Alisema karatasi ina muhuri na yeye hana mamlaka ya kutengua muhuri, ila mkutano ni wa wananchi na wananchi wataamua. Sikumwambia nilichokiona ghalani kwake. Nilitaka yule ndege abaki, huo ndio ukweli, na nilidhani sayansi itatosha.

Jumamosi asubuhi watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi. Bibi aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitenge chake cha umoja wa wanawake wa kanisa, mikono mapajani. Pembeni yake viti viwili vilikuwa vitupu ingawa watu walikuwa wamesimama. Nilipewa nafasi. Nikaeleza bundi anavyokula panya, anavyolinda mahindi, jinsi shingo yake inavyogeuka. Walinisikiliza vizuri sana, wengine walitikisa kichwa kwa kukubali. Nilipomaliza, mzee mmoja alinishukuru kwa somo zuri, akauliza mlingoti utakatwa lini.

Mwenyekiti akasimama. Akasema ofisi yake haiamini ushirikina, serikali haiamini ushirikina, ila kwa kuwa bundi amethibitishwa na mtaalamu, tena kwa maandishi, ni busara mama yetu akapumzike kwa mwanawe. Aliposema mtaalamu alinyoosha mkono kwangu. Bibi aliinamisha kichwa.

Nilishikwa na hasira ambayo nadhani ilikuwa juu yangu mwenyewe, ila ilipata pa kutokea.

"Mtaalamu hajamwona bundi yeyote kwa bibi," nikasema. "Wala kwa hao saba wengine. Niliandika maneno ya watu, nikayaita utafiti, na nilikosea. Bundi niliyemwona kwa macho yangu mawili ni mmoja. Yuko ndani ya ghala la mwenyekiti, kwenye boriti ya tatu kutoka mlangoni, na kinyesi chake kinaonyesha amekaa pale muda mrefu. Kama tunakata, tuanzie huko."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo, kisha kicheko kikaenea kama moto wa majani. Mwenyekiti alikunja karatasi zake taratibu. Nisiseme uongo, ni mwanasiasa mzuri, hakuhitaji hata nusu dakika.

"Ndugu wananchi," akasema, "mwalimu ametufundisha vizuri. Bundi ni ndege. Ni ndege kama kuku. Ni rafiki wa mkulima. Mtu asije akasumbuliwa katika mtaa wangu kwa ajili ya ndege."

Mkutano ukafungwa kwa sala. Mtendaji alibandua barua yangu ubaoni kwa kucha, akaacha pembe moja yenye muhuri. Mlingoti ulibaki, na bibi akarudi nyumbani kwake kwa miguu, peke yake.

Jumatatu mwalimu wa Jiografia aliniambia rafiki wa mkulima yuko jalalani nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Nilikwenda kumwona. Walikuwa wamempiga kwa fimbo, na bawa moja limekunjuka, jeupe ndani, zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuwaonyesha wanafunzi. Nililia pale jalalani bila kujali anayepita. Mimi ndiye niliyewatajia boriti ya tatu.

Jioni hiyo nilipiga hodi kwa bibi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha tangu Jumamosi, na yote yalinitoka bila mpangilio. Alinisikiliza akiwa anachambua maharage.

"Uliuliza mtaa mzima," akasema. "Mbona mimi hukuniuliza?"

Nikaokota harage lililodondoka, nikalirudisha kwenye ungo wake.

"Ningekuambia hakuna. Panya wananimalizia mahindi, mwalimu. Ningekuwa na bundi ningelala."

Nilimwambia naweza kuleta barua nyingine, yenye muhuri, ya kumsafisha. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Akasema barua zangu basi. Akaingia jikoni, akatoka na chupa ya chai na vikombe viwili. Nikajisogeza kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, ndani, mahali penye joto.

"Hapo hapana," akasema. "Toa kiti, kaa huku barazani, upande wa njia. Mkutano haujawarudisha watu kunywa kwangu."

Nikakitoa. Upepo ulikuwa mkali na chai ilikuwa ya moto. Wanawake wawili walipita wakitoka shamba, wakasalimia, "Kamwene," bila kusimama, macho yao kwenye kikombe changu. Nikanywa chote wakiwa wanaona, nikamnyooshea bibi kikombe aniongeze.