Bibiane anasikia vile unakunywa mayi

Mashini ya kushona ingali kimya, lakini telefone ya Bibiane inaanza kusema. "Glu, glu, glu." Ni Dodo, ku Buluo, anakunywa kopo ya mayi mu audio. Kisha Deborah. Kisha Rolly, anamalizia na kucheua.

"Rolly, adabu!" Bibiane anamujibu, anacheka, pini mu midomo.

Saa kumi na mbili ya asubui, hapa Likasi, hii njo appel, kuitana ya kila asubui, ya groupe WhatsApp yake: bantu makumi ine na tatu, bote banazaliwa na anémie SS, sikoseli. Ugonjwa ule wa damu unapenda mwili ya kukauka. Basi kila mutu anakunywa, benzake banasikia. Kuandika "nimekunywa"? Hapana! Bagonjwa banadanganya, na Bibiane anabajua: ye pia iko na SS.

"Mama aliambiwaka sitafika myaka kumi na tano," anasema. Leo iko na makumi tatu na mbili, na anashonea babibi-arusi.

Juma iliyopita, Cathy, mwanafunzi wa myaka kumi na kenda, anatuma audio. Funda moja. Kimya. Funda ingine. Groupe yote inapasuka kucheka.

"Cathy, ni mayi ao ni lutuku?" Dodo anamurushia. Lutuku, ile pombe ya kuchoma koo!

Bibiane hacheke. Anasikiliza mara tatu. Kati ya mafunda, Cathy anatafuta pumzi. Anamupigia mbio.

"Kifua inauma?"

"Kidogo tu, yaya Bibiane. Niko na examen saa mbili."

"Examen itarudia. Weye hautarudia. Vaa, ninakuya!"

Anaacha robe ya bibi-arusi ku mashini, anapanda pikipiki. Ku lopitali, munganga anasema mapafu inashikwa, inafaa damu sasa hivi. Bibiane anaandika mu groupe: "Damu O+. Mbio!" Dodo, ule mwenye kuchekelea, anatuma dada yake, juu mwenye SS hawezi kutoa damu. Nusu saa haiyaisha, bantu sita beko ku mulango. Sita! Infirmière, muuguzi wa lopitali, anauliza: "Muko bandugu bote?"

Cathy alipona. Alikubali audio yake ile isikilizwe, na siku ya mungu inayokuya Bibiane anaipeleka Kapolowe, isikike mu baffle, ile spika kubwa ya kanisa, kwa bamama benye batoto ba SS.

"Kule bengi habana telefone ya WhatsApp," anasema, macho inawaka. "Lakini masikio beko nayo. Nataka mama mumoja asikie pumzi ya mutoto wake, asiseme 'atalala, itapita.' Amubebe. Akimbie!"