Mlango wa Ngome Uliokuwa Ukikwama

Visa vingi vya namna hii huanza usiku. Changu kilianza mchana, baada ya swala ya adhuhuri, jua likiwaka juu ya mabati ya mtaa wetu wa Chumbageni, nami nimeshiba wali, sina homa wala usingizi. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakachokisema. Wote niliowasimulia wamekisema, na mimi mwenyewe nimejiambia mara nyingi. Lakini jambo hili lilitokea. Nitakueleza nilivyoliona, kisha uamue wewe, maana mimi kuamua kumenishinda.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni na sukari, ghafla tuliona mitumba, redio za kaseti na viatu vya plastiki vya kila rangi, vyote barabarani kwa pamoja, kana kwamba bahari imevitapika. Mjomba wetu akaleta kompyuta kuukuu kutoka Unguja, akaiweka chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Tukatundika pazia mlangoni, vijana wakaanza kuja kucheza gemu.

Mwenye gemu hasa alikuwa mdogo wangu, Mbwana. Homa ya utotoni ilimwachia mguu mmoja mwembamba kama mwiko, akawa mtu wa mkongojo. Kabla hajaumudu huo mkongojo, mimi ndiye niliyembeba mgongoni, asubuhi shuleni, jioni chuoni kusoma Kurani, na njia nzima akinisimulia hadithi sikioni. Wenzake walipokuwa wakicheza mpira, yeye alikaa. Na kukaa kulimfundisha mambo.

Labda hujui kwamba gemu ya zamani haiwi moja. Kuna toleo lililotoka kwanza, na kasoro zake. Kuna la baadaye, lenye sauti nzuri zaidi, lakini limepunguzwa mahali. Halafu kuna viraka, faili ndogo zinazoandikwa na wapenzi wa gemu hiyo huko waliko, watu wasiolipwa na yeyote, ili kuziba kasoro iliyoachwa na watengenezaji. Vyote vilitufikia ndani ya disketi, mikononi mwa mabaharia. Mbwana alivijaribu kimoja kimoja. Hiki kinazuia gemu isigande, lakini kinafuta muziki. Kile kinarudisha muziki, lakini huwezi tena kuhifadhi ulipofikia. Vijana walitaka kila kilicho kipya, naye akiwakatalia. Aliwaambia kila kiraka kina kitu kinachokula. Kwanza ujue kinakula nini, ndipo ukiweke.

Gemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya msafiri aliyepotea ndani ya ngome. Tulikuwa na matoleo matatu ya gemu hiyo, na katika yote mlango wa mwisho ulikwama. Kiraka cha kuufungua kilikuwepo, ila kiliuondoa muziki, na Mbwana akasema ngome isiyo na muziki ni ghala. Akachagua toleo la kwanza, lenye mlango usiofunguka, akalipenda hivyo hivyo.

Basi mchana huo pazia likasogea, akaingia bibi mmoja mfupi, mkavu, matamshi yake ya Kipemba. Tukamwamkia shikamoo. Zuberi, kijana wa jirani ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akamdhania muuza vitafunio, akamuuliza leo ana visheti vya aina gani.

"Visheti nimeviacha kwenu, mamako anavila," bibi akasema. "Nipishe nikae."

Wakamcheka Zuberi mpaka akatoka kwenye kiti.

Maandishi ya kanga ya yule bibi niliyasoma mara mbili, alipoingia na alipokaa, na mara zote mbili yalikuwa tofauti. Nikadhani nimeona vibaya. Wewe ungedhani nini?

Akafungua pindo la kanga, pale wanawake wanapofunga fedha zao, akatoa disketi isiyo na jina. Akaisukuma ndani ya kompyuta, akaweka sikio karibu, akaisikiliza kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Gemu ya ngome ikafunguka. Mbwana akacheza hadi mwisho, na ule mlango ukafunguka taratibu, muziki ukiendelea.

Mbwana akarudi nyuma, akajaribu kuhifadhi, ikakubali. Akapima sauti, akapima mwendo wa walinzi, akahesabu vyumba. Hakikupungua kitu.

"Kimekula nini, bibi?" akauliza.

"Hutakiona kwa kukitafuta," bibi akajibu. Kisha akautazama mkongojo ulioegemea ukutani. "Na huo?"

"Huo ni wa toleo la kwanza, bibi. Halina kiraka."

Wenzetu wakacheka. Bibi hakucheka. Alisema kiraka cha mguu huo anacho.

Naapa alisema hivyo. Mbwana alikuwa bado akitabasamu, lakini macho yake hayakuwamo tena katika mzaha. Akauliza nacho kinakula nini.

"Miaka uliyokaa," akasema bibi.

Mbwana akanigeukia. "Kaka, wasemaje?"

Ningesema nini? Bibi asiyejulikana, disketi mkononi, mchana kweupe. Nikadhani ni maneno ya kupitisha muda. Nikamwambia mguu ni wako. Akamgeukia bibi, akasema kwa sauti ndogo, "Haya, weka."

Umeme ukakatika. Miaka ile ya mgao hilo halikumshtua mtu. Feni ikasimama, skrini ikawa nyeusi. Lakini ndani ya kompyuta disketi iliendelea kuunguruma. Niamini. Hapakuwa na umeme, na disketi ikiunguruma, mpaka ikanyamaza yenyewe. Nikavuta pazia kupata mwanga.

Bibi hayupo. Mbwana hayupo. Kwenye kiti chake palikuwa na rundo la disketi lenye vumbi, vumbi la miezi, na ukutani hapakuegemea kitu. Vijana walikuwa wakilalamika kwamba umeme umekatika zamu yao ilipofika, kana kwamba tangu asubuhi hakuna kingine kilichopita. Nikamuuliza Zuberi, yule bibi kaenda wapi? Akasema bibi wa visheti kashaondoka. Na kweli alikuwa anatafuna kisheti.

Nilikimbilia uani. Mama alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikamuuliza kama Mbwana amepita. Akasema Mbwana yuko bandarini tangu alfajiri, kama siku zote, na mimi leo nina nini?

Jioni aliingia. Sura ileile, kovu lilelile chini ya nyusi. Ila alikuwa mrefu, mabega ya mtu anayepakua magunia, na miguu yote miwili imenenepa sawasawa. Alimpa mama samaki, akanigeukia, akasema, "Shikamoo, kaka."

Nikaitika marahaba. Ulitaka niitike nini?

Nilimkalisha mbele ya kompyuta. Akacheka, akasema hizo ni gemu zangu mimi, yeye hajui hata pa kushika. Nikamkumbusha hadithi alizokuwa akinisimulia mgongoni. Akanitazama kwa huruma, akamwita mama. Usiku huo walinifukizia ubani.

Usidhani ni mtu mbaya. Ni mtu mwema, anapendwa bandarini kote, amemjengea mama nyumba Kigombe, ana mke na watoto. Hajawahi kunikosea. Ila mtoto niliyembeba sijui yuko wapi, na hakuna mtu wa kumlilia naye, kwa sababu hakuna aliyekufa.

Disketi zote tatu za ngome nilizifungua moja moja usiku baada ya usiku. Katika zote mlango ulifunguka. Miaka ilipopita ukaja mtandao, nikawaandikia wapenzi wa gemu hiyo duniani, wale wanaobishana toleo lipi ni bora na kiraka kipi kinafaa. Niliwauliza nani ana toleo ambalo mlango wa mwisho unakwama. Walinijibu kwa upole kwamba mlango ule haujawahi kukwama katika toleo lolote, pengine nakumbuka gemu nyingine. Pengine. Lakini mikono yangu inakumbuka: nikifika pale, vidole husita.

Nilikwenda pia Tongoni, penye makaburi ya kale, pale watu wanapoweka nadhiri zao. Nilichukua marashi na udi. Nikawasha, nikainua mikono. Niombe nini? Mdogo wangu arudishiwe mkongojo? Nimtoe bandarini, nimvunjie nyumba, niwafute watoto wanaoniita baba mkubwa, ili nipate mtu wa kunisimulia hadithi sikioni? Na nisipoomba, yule mwingine nimemwacha na nani? Udi ukaisha. Nikarudi mjini sijaomba lolote.

Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kumzika Zuberi, Mungu amrehemu. Wakati wa kurudi Mbwana alisimama mara mbili kunisubiri. Mara ya tatu akaniuliza, "Kaka, mbona tukiwa wawili watembea polepole hivyo? Ukiwa peke yako nakuona waenda mbio."

Sikuwa nimelijua hilo. Nilimwambia ni uzee. Hakuniamini, lakini akapunguza mwendo, tukaenda sambamba mpaka nyumbani.

Wewe unayesoma, kama kwako kuna kitu chenye kasoro, au mtu, usifanye haraka kukubali mkono wa mgeni. Kaa kwanza na hiyo kasoro, utazame yote yaliyoota pembeni yake. Na mwenye kasoro akikuuliza, kama mdogo wangu alivyoniuliza mimi, usimwambie mguu ni wako. Mwombe akusubiri kidogo. Mwambie unafikiri.