Mama Mzazi wa Bwana na Mbuzi Wake

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni mpishi wa Mjerumani wa reli hapa Dodoma. Ukutani kwake ametundika picha ya rangi iliyochapwa kwao: kijana na msichana, uchi, wamekumbatiana katikati ya mbuzi. Nikajua ni wazazi wake. Nani hutundika watu baki? Sokoni nikatangaza kwamba Bwana ni mtoto wa wafugaji, mwenzetu kabisa.

Juzi mama yake akateremka garimoshi. Kwetu Wagogo salamu haikamiliki bila mifugo, basi nikapiga magoti mbele ya stesheni nzima.

"Shikamoo, mama! Mbuzi hawajambo? Afadhali leo umevaa nguo."

Bwana akaiva uso. "Mjinga wee! Wale wa pichani ni wapenzi wa hadithi ya Wayunani wa kale!"

Mama, kumbe aliwahi kukaa misheni Pwani, akanijibu kwa Kiswahili safi: "Marahaba, mwanangu. Twende ukanionyeshe nilivyokuwa uchi."